Vitenzi vya Kifaransa: silabi za kwenye karatasi na silabi za mdomoni

Mwezi huu tumekusanya pamoja maswali ya wasomaji kuhusu vitenzi vya Kifaransa, jinsi ya kuvikata silabi na jinsi ya kuvitamka. Matamshi tumeyaweka ndani ya mabano ya mraba kwa herufi za Kiswahili, na nyongeza chache. [gh] ni r ya Kifaransa. [zh] ni sh iliyotiwa sauti kooni. [ü] ni i inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa, na [ö] ni e ya namna hiyo hiyo. [é] ni e ya mdomo uliobana kidogo, [è] ya mdomo uliofunguka, na [ə] ni ile e hafifu ya neno *je*. Irabu za puani ni [ã], [õ] na [ẽ].

Mwalimu alituuliza neno *parlent* lina silabi ngapi. Nikajibu mbili, akasema ni moja. Lakini kitabu chetu cha sarufi kimeandika par-lent. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga*

Nyote wawili mko sahihi, na kitabu pia. Kifaransa kina hesabu mbili za silabi, na ubishi mwingi wa darasani hutokea kwa sababu swali halikusema inatakiwa ipi. Silabi za maandishi huhesabu kila irabu iliyoandikwa, hata e ya mwisho isiyosikika. Silabi za matamshi huhesabu irabu zinazosikika tu. Kwa maandishi *parlent* ni par-lent, silabi mbili. Kwa matamshi ni [paghl], silabi moja. Kwetu suala hili halizuki, maana ni-na-se-ma ni nne kwenye karatasi na nne mdomoni.

Kukata kwa maandishi kuna utaratibu. Kwanza tafuta irabu, ukikumbuka kwamba ai, au, eau, ou, oi na eu huhesabiwa kila moja kuwa irabu moja, na vivyo hivyo an, en, in na on pale ambapo n haifuatwi na irabu wala n nyingine. Kisha tazama konsonanti zilizo katikati ya irabu na irabu. Ikiwa ni moja, inakwenda na irabu inayofuata: fi-nir, ai-mer, a-che-ter. Zikiwa mbili, zitenganishe: par-ler, res-ter, don-ner. Yapo makundi yasiyotenganishwa: ch, ph, th na gn, b, c, d, f, g, p, t au v inapofuatwa na r, na b, c, f, g au p inapofuatwa na l. Ndiyo maana tunakata cher-cher, ga-gner, ou-vrir, dou-bler. Kundi la rl halimo kwenye orodha hiyo, ndiyo sababu *parler* imekatika katikati. Konsonanti zikiwa tatu, mbili hubaki kushoto, kama comp-ter na ins-tal-ler, isipokuwa mbili za mwisho zikiwa kundi lisilotenganishwa: com-pren-dre, souf-fler.

Kukata kwa matamshi ni kazi nyingine. Futa kwanza kila kisichosikika: e ya mwisho, -es ya *tu*, -ent ya *ils* na *elles*, r ya -er, s na t na z za mwisho. Konsonanti mbili zinazofanana huwa sauti moja, kwa hiyo don-ner ya karatasini ni [do-né] mdomoni, n ikiwa imehamia yote upande wa kulia. Halafu hesabu irabu zilizobaki. Hakuna konsonanti inayoweza kubeba silabi peke yake, kama m ya m-tu inavyofanya kwetu. Pasipo irabu inayosikika hapana silabi.

Jaribu kwa *parler* wakati uliopo. *Je parle, tu parles, il parle, ils parlent*: kitenzi ni kile kile [paghl] mara nne, silabi moja. *Nous parlons* [pagh-lõ] na *vous parlez* [pagh-lé] zina mbili. Nafsi sita zina tahajia tano, nazo zinaleta sauti tatu tu. Tena *parler, parlez* na *parlé* hazitofautiani hata kidogo kwa sikio, ndiyo maana hata Wafaransa wenyewe huzichanganya wanapoandika.

Ukikutana na ushairi wa jadi, ipo hesabu ya tatu. Humo e ya mwisho inahesabiwa ikifuatwa na konsonanti, na haihesabiwi ikiwa mwisho wa mstari au mbele ya irabu. *Elle parle bien* ni silabi tatu kwenye mazungumzo na tano kwenye ubeti. Kwa mtihani wa kidato cha tatu, usijisumbue nayo mpaka uulizwe.

Napanga kurasa za jarida la Kifaransa. Kitenzi kikifika mwisho wa mstari nakikata wapi? Kompyuta inakata inavyotaka.
*Mpangaji wa kurasa, Bujumbura*

Hapo zinatumika silabi za maandishi, pamoja na makatazo ya wachapaji. Usikate kati ya irabu mbili zinazoandamana, hata kama mdomo unazitenga: *crier* haikatwi, na *oublier* hukatwa ou-blier tu. Usikate kabla wala baada ya x iliyo kati ya irabu, maana x moja hiyo ni sauti mbili zilizogawana silabi: *exister* ni [èg-zis-té], *taxer* ni [tak-sé]. Kwa hiyo *taxer* haina pa kukatwa kabisa, na *exister* hukatwa exis-ter. X ikifuatwa na konsonanti hakuna tatizo: ex-pliquer. Y iliyo kati ya irabu nayo usiiguse: net-toyer, siyo netto-yer wala nettoy-er.

Usikate baada ya kibainishi cha *j'* au *n'*. Usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, kwa hiyo *acheter* ni ache-ter. Sehemu inayoshuka mstari wa chini isipungue herufi tatu, na wachapaji makini huepuka kuteremsha silabi isiyosikika: par-lent inaruhusiwa na kanuni, lakini macho yanakutana na -lent na msomaji anajikuta anaitamka. Katika *parle-t-il* kata kabla ya t, ili t-il vibaki pamoja.

Kuhusu kompyuta, chagua matini yote na uweke lugha yake kuwa Kifaransa kabla ya kuwasha ukataji wa maneno. Ukiiacha kwenye lugha nyingine, programu inafuata kanuni za lugha hiyo na inaweza kukutolea gag-ner.

Kwa nini *nous achetons* haina alama lakini *j'achète* inayo? Na kwa nini *j'appelle* haiweki alama bali inaongeza l? Nimechoka kukariri.
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Usikariri, kata silabi za matamshi. Chanzo chote kiko hapo.

Shina la *acheter* lina e isiyo na alama: a-che-ter. E hiyo iko mwisho wa silabi yake, inatamkwa [ə] au inamezwa kabisa: [a-shə-té], au kwa kasi ya kawaida [ash-té]. Sasa weka nafsi ya kwanza. E ya mwisho haisikiki, kwa hiyo t haina irabu ya kuegemea na inarudi nyuma kuifunga silabi iliyotangulia: [a-shèt]. E hafifu haiwezi kukaa kwenye silabi ya mwisho iliyofungwa namna hiyo. Lazima ifunguke iwe [è], na maandishi yanatafuta njia ya kuionyesha.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni alama ya kushuka: *j'achète, je lève, je mène, je pèse, je gèle*. Ya pili ni kurudia konsonanti: *j'appelle, je jette*. Sikio halioni tofauti, [a-pèl] na [zhèl] zina è ile ile. Tofauti ni ya tahajia peke yake. Vitenzi vyenye é kwenye silabi ya mwisho ya shina vinapitia mlango huo huo: *nous préférons* ina [é] kwa sababu silabi iko wazi, *je préfère* ina [è] kwa sababu imefungwa na r. Vivyo hivyo *espérer, répéter, céder*.

Kanuni inayotosha ni hii: silabi inayofuata shina ikiwa na e bubu, shina linapata è au konsonanti mbili; ikiwa na irabu inayosikika, shina linabaki kama lilivyo. *Achetons, achetez, achetais, acheté*, zote hazina alama. *Achète, achètes, achètent*, zote zinayo. Wengi hukosea kwenye wakati ujao. *Nous achèterons* ina alama ingawa nafsi ni *nous*, kwa sababu baada ya t kuna e bubu: [a-shè-tghõ]. Ndivyo ilivyo pia kwa *nous appellerons* na *vous jetterez*. Mwanafunzi aliyekariri kwamba *nous* na *vous* hazibadiliki huanguka hapo hapo.

Zamani ilibidi ujue kila kitenzi cha -eler na -eter kiko kundi gani. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu vyote viandikwe kwa è, isipokuwa *appeler*, *jeter* na vitenzi vilivyotokana navyo. Hivyo *je renouvelle* na *je renouvèle* zote ni sahihi leo, na *j'étiquette* na *j'étiquète* pia. Marekebisho hayo hayo yalikubali *je cèderai* na *je préfèrerai*, ambazo kwa muda mrefu ziliandikwa kwa é huku watu wakitamka è. Chagua tahajia moja na uishike kwenye insha nzima.

Nikisikiliza redio ya Kifaransa, wakati ujao unanipita. Nasubiri silabi tatu za *donnerai*, nasikia mbili. Je, wanakosea?
*Msomaji, Kigoma*

Hawakosei. Don-ne-rai ya karatasini ni [do-nghé] kwenye mazungumzo ya kawaida. Lakini sikiliza *parlerai*: hapo utasikia tatu, [pagh-lə-ghé]. Sababu ni kile ambacho mtaalamu wa fonetiki Maurice Grammont alikiita sheria ya konsonanti tatu. E bubu inamezwa ikiwa inaacha konsonanti mbili tu zikikutana, na inabaki ikiwa kuondoka kwake kungekusanya tatu. Katika *donnerai* zinakutana n na r, mdomo unapita. Katika *parlerai* zingekutana r, l na r, mdomo unakwama, e inaokoa. Ndivyo pia *montrerai*. Hata *prendre*, ambayo peke yake ni silabi moja, inarudisha e yake mbele ya konsonanti: *prendre le bus* ni [pghã-dghə-lə-büs].

Sheria hii ina mwanya mmoja unaowashangaza wengi. Mbele ya -rions na -riez za hali ya masharti, e haimezwi. *Nous donnerons* ni [do-nghõ], lakini *nous donnerions* ni [do-nə-ghyõ].

E ikitanguliwa na irabu haisikiki kamwe: *étudierai* [é-tü-di-ghé], *jouerai* [zhu-ghé]. Haisikiki, lakini ni lazima iandikwe, kwa sababu inatoka kwenye -er ya kitenzi. Mtego uko kwenye jozi kama *je continuerai* na *je conclurai*. Miisho inasikika sawa, [ü-ghé] na [ü-ghé], ila ya kwanza ni *continuer* na ya pili ni *conclure*. Ukiwa na shaka, rudi kwenye jina la kitenzi kabla ya kuandika.

Kusini mwa Ufaransa, kuanzia Toulouse hadi Marseille, wengi hutamka e hizi kwa ukamilifu. Kwa msikilizaji aliyelelewa na Kiswahili, lafudhi hiyo ni rahisi zaidi kufuatilia. Itumie kuanza kuzoesha sikio, lakini usitegemee kila mtangazaji atakuhurumia hivyo.

Natembeza watalii Mji Mkongwe. Nawezaje kujua mgeni anazungumzia mtu mmoja au wengi, ikiwa *il* na *ils* zinasikika sawa na -ent haitamkwi?
*Mwongoza watalii, Zanzibar*

Kuna sehemu tatu za kutegea sikio.

Ya kwanza ni kitenzi kinachoanza kwa irabu. Hapo s ya *ils* inafufuka ikawa z: *il aime* ni [i-lèm], *ils aiment* ni [il-zèm]. Ukisikia z hiyo, ni wengi. Jihadhari na jozi moja tu: *ils ont* [il-zõ] ni «wana», *ils sont* [il-sõ] ni «wako» au «wao ni». Z na s zikibadilishana, maana imebadilika. Vitenzi vyenye h vina makundi mawili: *ils habitent* [il-za-bit] inaunganisha, *ils hurlent* [il-üghl] haiunganishi.

Ya pili ni konsonanti ya mwisho ya shina, kwenye vitenzi visivyo vya -er. Umoja unaificha, wingi unaitoa. *Il finit* [fi-ni], *ils finissent* [fi-nis]. *Il part* [pagh], *ils partent* [paght]. *Il vend* [vã], *ils vendent* [vãd]. *Il lit* [li], *ils lisent* [liz]. Idadi ya silabi za matamshi haikuongezeka hata mara moja. Silabi imefungwa tu. Ukisikia kitenzi kimeishia kwenye konsonanti iliyobanwa vizuri, tarajia wingi. Pale shina lina irabu ya puani, mara nyingi irabu nayo inabadilika: *il prend* [pghã], *ils prennent* [pghèn], *il vient* [vyẽ], *ils viennent* [vyèn].

Ya tatu ni muktadha, kwa sababu *il parle* na *ils parlent* hakuna sikio linaloweza kuzitenganisha. Mfaransa mwenyewe hutegemea kilichosemwa kabla.

Na kwa kuwa umegusa -ent: haitamkwi pale tu mtenda wake ni wingi. *Il vient, il convient, il ment, il sent* ni umoja, en yao ni sehemu ya shina na inatamkwa. Wafaransa wana sentensi ya kuwachezea wageni, *les poules du couvent couvent*, kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia. La kwanza ni nomino, [ku-vã]; la pili ni kitenzi cha wingi, [kuv].

Najiandaa kwa mtihani wa DELF, ule wa kupima Kifaransa cha wageni. Mkufunzi anasema natamka Kifaransa «kwa Kiswahili». Nirekebishe nini kwanza?
*Mtahiniwa, Nairobi*

Anza na mkazo, kabla ya sauti yoyote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo wako unaufuata bila kukuuliza. Ukisema *PAR-ler* au *fi-NI-ssent* ukiongeza na irabu mwishoni, msikilizaji anapoteza neno. Kifaransa huweka uzito kwenye silabi ya mwisho inayosikika ya fungu zima la maneno. *Nous parLONS*. Ukiongeza neno, uzito unahama: *nous parlons franÇAIS*, na -lons inakuwa silabi ya kawaida. Zoezi lenyewe: jenga sentensi kutoka nyuma. Sema *français*, kisha *parlons français*, kisha *nous parlons français*, ukigonga meza mara moja tu, kwenye silabi ya mwisho.

Pili, irabu za kupachika. Kiswahili hupenda kila silabi iishe kwa irabu, kwa hiyo *prendre* hugeuka kitu kama [pi-ran-di-re], silabi nne badala ya moja. Tamka kwanza [ghã] peke yake, weka p mbele, [pghã], halafu ongeza d na pumzi ya r, bila kuifungulia mdomo. Ukishindwa, andika kitenzi, kata e zote kwa kalamu, na usome kilichobaki.

Ndipo uje kwenye sauti. R ya Kifaransa unayo tayari kama unatamka gh ya *lugha* na *ghali* kama watu wa pwani. Shikilia gh hiyo, ncha ya ulimi ikiwa imetulia nyuma ya meno ya chini, kisha ifungue: [gha-té], *rater*. Baada ya p, t, k na f sauti inakauka ikakaribia kh ya *sheikh*. *Trouver* inasikika kama [tkhu-vé]. Anayesema «luga» badala ya *lugha* aanzie kwenye kh, kisha aitie sauti. R ya ncha ya ulimi inaeleweka, na Wafaransa wameizoea, maana wasemaji wengi wa Kifaransa wa Afrika Magharibi huitumia. Isikunyime usingizi.

Kinachokuangusha zaidi ni u. Tamka i ya *piga*, usiusogeze ulimi hata kidogo, kisha viringa midomo kama unasema u ya *uzi*. Kinachotoka ni [ü]. Ulimi ukirudi nyuma, umepata *tout* badala ya *tu*. Zoezi kali kuliko yote ni *vous avez vu* [vu-za-vé-vü]: linaanza na u ya kwetu na kuishia na ya kwao, na haliruhusu kudanganya. Vitenzi vitakavyokupima ni *lu, bu, su, pu, dû, voulu*.

J ya *je, jouer, manger* si j ya Kiswahili, maana yetu huanza kwa ulimi kuziba njia ya hewa. Sema «shhh», weka kiganja kooni, kisha washa sauti mpaka kiganja kisikie mtetemo, bila kuruhusu ulimi ugonge juu. Wengine hukwepa kwa kusema z, wakapata «ze zoue». Ni afadhali sh kuliko z. Na e ya *mangeons* si silabi: ipo kuilinda g isigeuke kuwa g ya *gari*, kwa hiyo ni man-geons, mbili tu, [mã-zhõ].

Huku tunasoma Kifaransa tangu shule ya msingi, lakini watoto wanatamka *donner* kwa pua, na *emmener* bila pua. Kanuni ni ipi?
*Mwalimu, Bukavu*

Kanuni iko kwenye silabi za matamshi, mwalimu mwenzetu. N au m ikibaki mwisho wa silabi, irabu inaingia puani na konsonanti inatoweka: *penser* [pã-sé], *tomber* [tõ-bé]. Ikihamia silabi inayofuata, irabu inabaki safi: *donner* [do-né], *aimer* [è-mé], *prenons* [pghə-nõ]. Waonyeshe watoto kwamba n mbili za *donner* ni sauti moja na iko upande wa kulia. Kushoto hakukubaki kitu cha kuitia irabu puani.

*Emmener* na *ennuyer* ni wakaidi kwa sababu en- na em- za mwanzo zinasimama peke yake na kushika pua yake: [ã-mné], [ã-nüi-yé]. *Enivrer* ni hivyo hivyo, [ã-ni-vghé]. Waambie pia wasimalizie irabu ya puani kwa ng. Njia ya kupima ni kushika irabu kwa sekunde mbili: ulimi ukigusa popote ndani ya kinywa, si irabu tena.

Kwa nini *jouer* ni silabi moja na *crier* ni mbili, ilhali zote zina irabu mbili?
*Mzazi, Mombasa*

Kwa sababu ya kilichotangulia irabu hizo. I, ou na u zikifuatwa na irabu hugeuka kuwa y, w au ü fupi, kama mw ya *mwezi*: *jouer* [zhwé], *lier* [lyé], *étudier* [é-tü-dyé]. Zikitanguliwa na kundi lenye r au l, mdomo haupati nafasi ya kuteleza na irabu inabaki silabi kamili: *crier* [kghi-yé], *oublier* [u-bli-yé], *trouer* [tghu-é]. *Je crie* inarudi kuwa silabi moja ya kitenzi, [kghi].

Maswali mafupi

*Nous faisons inatamkwaje?* [fə-zõ]. Ai hapo ni [ə], na ndivyo ilivyo kwa *faisais* na *faisant*. *Vous faites* ni [fèt], ya kawaida.

*J'ai eu?* [zhé-ü]. Eu ya kitenzi *avoir* ni [ü] tupu, haitamkwi [ö].

*Ill daima ni y?* Hapana. *Travailler* [tgha-va-yé] na *habiller* [a-bi-yé], ndiyo. *Distiller* na *osciller* zinashika l yao.

*Gn daima ni ny?* Karibu daima: *gagner, signer*. *Stagner* ni [stag-né], na ndiyo maana hukatwa stag-ner.

*Viser na visser?* S moja kati ya irabu ni z, kulenga shabaha. S mbili ni s, kukaza skrubu. Baada ya irabu ya puani s moja inabaki s: *penser, danser*. Na *ressembler* inaanza [ghə-sã], e hafifu, ingawa kuna s mbili mbele yake.

*Je hais na nous haïssons?* [è], moja, [a-i-sõ], tatu. Nukta mbili juu ya i zinaitenga na a. Umoja wa wakati uliopo hauna nukta hizo.

*Prend-il?* [pghã-til]. D hapo inasikika t. Kitenzi kikiishia na irabu unaingiza t: *parle-t-il* [pagh-lə-til] kwa utulivu, [paghl-til] kwa haraka.

*Courait na courrait?* R mbili za pili zishikwe muda mrefu zaidi, maana ndizo pekee zinazotofautisha «alikuwa akikimbia» na «angekimbia». *Mourir* ina hali hiyo hiyo.